Kishale cha Upepo Kilichogoma Kuzunguka

Mjukuu wangu Nashipai,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Oldonyo Sambu tupo, na ng'ombe wapo, ila magoti yamechoka na mkono nao unachoka kuandika.

Umeuliza kwa nini kishale chako cha mbao cha kuonyesha upepo unakotoka hakizunguki. Mimi ujanani nilichonga kizuri kuliko mtu yeyote huku. Nikakipigilia juu ya nguzo kwa nguvu zote kisianguke, nikamwita bibi yako aje aone, maana nilikuwa namchumbia. Kikaelekea mlimani tu, na vumbi linatujia kutoka Longido, upande mwingine kabisa.

"Upepo umekosea," nikamwambia.

Akacheka. "Wewe! Mimi siolewi na mtu anayepigilia misumari hata upepo."

Nikabisha weee, mpaka akainuka kuondoka. Hapo nikang'oa msumari, nikapanua tundu. Yeye akachomoa ushanga mmoja shingoni, tukauweka kati ya kishale na nguzo ili kiteleze, nikarudisha msumari bila kuukaza. Kikazunguka. Na wewe fanya hivyo.

Mimi nasema kilikuwa kizuri hata kabla hakijazunguka. Bibi yako, aliyeketi hapa kando yangu, anasema hapana. Leo nimechoka, nimemwachia.

Babu yako