Kwa Baba Emiel, Aliyezungumza na Puto

Mwaka umetimia, Baba Emiel, tangu utuache hapa Leuven, Ubelgiji, na nyumba bado haijazoea ukimya wako.

Ulikuwa fundi wa redio, mpole, mpenda njiwa wa mashindano na kahawa iliyokwisha poa. Redio za majirani ulizitengeneza huku ukizisemesha kama wagonjwa, na Mama akikucheka.

Puto la gesi la watafiti lilipoandaliwa kupandisha watu wawili anga za juu, mkuu wa safari alitaka redio iachwe kwa sababu ya uzito. Hukubishana naye. Ulitupa sanduku la mbao la redio hiyo, ukaunda jingine la bati jembamba, ukamrudishia. "Sasa haimshindi bata wa Krismasi kwa uzito," ukamwambia. "Mkwe wangu anapanda humo. Sitamwacha aende bubu."

Puto likapaa asubuhi. Adhuhuri kamba ya kutolea gesi ikanasa, likagoma kushuka, na hewa ya kupumua ndani ya chumba chao kilichofungwa ikawa inapungua. Sauti ya mkweo Wouter ikaanza kufifia redioni kwako. Ulijua mara moja kwamba betri zimeshikwa na baridi.

"Zitie ndani ya koti, mwanangu. Kifuani."

Sauti ikarudi. Ukamkataza kusema, asije akamaliza hewa.

"Wewe na mwenzako laleni, mtulie. Jua likizama gesi itapoa, mtashuka wenyewe. Maneno niachieni mimi. Nikikuita, gonga kipaza sauti mara moja tu, nijue upo."

Ukaongea mchana kutwa: njiwa wako waliopotelea Ufaransa, samaki wa Mama, wale mikunga, walioungua jikoni siku ya harusi. Kila ulipoita, kishindo kidogo kikajibu. Kuelekea jioni uliita, pakawa kimya. Godelieve, binti yako, alikushika bega. Hukupandisha sauti. Uliita tena, taratibu, kama mtu anayemwamsha mtoto.

Wouter akagonga.

Walitua salama kwenye shamba la viazisukari. Mkuu alipokuja kukupa mkono, ulimwelekeza kwa Wouter, ukaenda uani peke yako. Godelieve alikukuta huko unalia.

Tunaokukumbuka ni mkeo Philomena, binti yako Godelieve, mkweo Wouter, dada yako Leonie, na mjukuu wako wa kwanza, aliyezaliwa majira haya ya kuchipua. Hukumwona, Baba. Tumempa jina lako, na kila tunapomwita Emiel, anageuka.

Maadamu tunapumua, hatutakusahau.