Ua la Beseni la Barazani

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Kaka ameniambia huko kwake unafika dukani bila mkongojo, na kwamba umeanza kumfundisha mkewe namna ya kukaanga vitunguu. Nikajua umepona. Sisi huku hatujambo. Wajukuu wanakuamkia, na yule mdogo sasa ana meno mawili ambayo anayajaribu kwenye vidole vya kila mgeni. Nyumba yako naifungua kila Jumamosi, nafagia, nafungua madirisha. Usishangae kuona barua wakati simu ipo. Kwenye simu wewe hunikatiza, na leo nataka nifike mwisho.

Unalikumbuka lile gugu lililoziba pampu ya bwawa hadi mabomba ya mtaa mzima yakawa yanakohoa hewa tupu. Ni mmea wa kigeni, unaelea, na kipande kidogo tu kikipata maji kinazaa ukoo. Ofisi ya maji ilinikabidhi kazi ya kulisaka lakini haikunipa mtu hata mmoja, kwa hiyo niliomba majirani wajitolee: ukiona mmea unaoushuku, piga picha, nitumie, nami nije kuhakikisha. Sheria yetu ni moja. Hatung'oi mmea wa mtu; mwenyewe ndiye anayeung'oa, kwa mkono wake, baada ya kuelezwa. Ukimng'olea kwa nguvu, kesho atapanda mwingine kwa ukaidi.

Mama, nilicheka hadi mbavu zikauma. Fundi cherehani wa pale kona alitangaza kuwa amelikamata. Nilikwenda mbio, nikakuta ua la plastiki dirishani kwa kinyozi. Mpaka leo fundi tunamwita Plastiki, na anaitika. Dereva wa malori, yule mstaafu, aliripoti bustani nzima ya mkewe, na siku hiyo alijipikia mwenyewe. Lakini walijifunza. Sasa wanajua jani, wanajua mizizi, na wananisahihisha mimi. Dereva anasema mgeni siku ya tatu mpe jembe, ila huyu wetu umchimbe nalo.

Bwawa tulilisafisha, maji yakarudi, watu wakatushangilia. Mvua iliponyesha, gugu nalo likarudi. Tukasafisha tena, likarudi tena. Ndipo dereva akasema kwamba gari likivuja mafuta hufuti barabara, unatafuta tangi. Basi tukaufuata kwenda juu mtaro unaomwaga maji bwawani, na kila nyumba tuliyolikuta kwenye ndoo au karai tuliuliza swali moja, nani aliyekupa. Muuza mitumba alipewa na kinyozi. Kinyozi alipewa na muuguzi wa zahanati. Muuguzi akasema kwa upole kwamba alipewa na wewe, wiki aliyomzika mumewe. Ulimpelekea kwenye bakuli, ukamwambia ua hili halimwachi mtu peke yake.

Ndiyo, Mama. Ni lile ua lako la zambarau la barazani. Bwawani hubanana na kurefuka, kwenye beseni hubaki fupi na nene, ndiyo maana nililipita kila Jumamosi, tena nikiliongezea maji, mimi mtaalamu.

Tulikuwa bado mlangoni kwa muuguzi. Plastiki akapendekeza tuseme tumepoteza njia. Dereva akaniambia nikang'oe kimyakimya, kisha nikuambie limeliwa na mbuzi. Nusura nikubali. Nilikwenda nyumbani kwako, nikaliinua, mizizi ikaning'inia mikononi, nikamkumbuka Baba akishuka basini na ua hilo kwenye kopo la rangi, amelipakata safari nzima, ile safari yake ya mwisho. Nililia pale pale barazani. Kisha nikalirudisha majini, nikawaambia wenzangu kwamba sheria ni ile ile, hata kwa mama yangu.

Nimelifunika kwa chandarua na beseni halimwagiki tena. Sijang'oa hata jani. Lakini naogopa, Mama. Mvua kubwa zinakaribia, na kikibaki kipande kwenye karai moja tu, mabomba yatakauka tena, na safari hii ofisi haitatupa nafasi nyingine. Sisi hatujui nyumba zote ulizogawia. Wewe unajua. Mtu anayekumbuka nani hajarudisha sufuria yake tangu harusi ya kaka hawezi kusahau alimpa nani ua. Na kuna wanaotufungia milango sisi. Wewe watakufungulia kabla hujabisha. Baba alilileta ili ufurahi, wala hakujua zaidi ya hapo, na wewe uligawa furaha hiyo. Hakuna anayekulaumu. Wanakusubiri.

Dereva amesema ukikubali kutuongoza nyumba hadi nyumba, atakuja kukuchukua, na kiti cha mbele ni chako, unyooshe goti. Plastiki amekushonea kizibao cha njano kama vyetu, chenye mfuko wa miwani. Hakuomba vipimo, anasema anakujua. Nami nimeliinua beseni juu ya kigoda, karibu na kiti chako, ili siku hiyo usilazimike kuinama.

Msalimie kaka na mkewe, uwaachie jiko lao. Tunakuombea afya.

Ni mimi mwanao,
Kitinda mimba wako