Mguu Uliobaki

Jumatatu, 5 Juni

Tumeanza kupaka rangi ngatu yetu, kitambaa kikubwa cha magome ya mti! Wanawake saba, ukumbi wa kanisa, hakuna aliyekamilika — ndivyo wanavyosema wapita njia. Waseme. Jumapili tutaibeba wenyewe mpaka mbele ya mchungaji, kila mmoja na pindo lake.

Mimi na Fusi tunakaa sakafuni, tunatazamana, kitambaa cha magome katikati. Kiharusi kimemwachia mkono mmoja, sukari imeniachia mguu mmoja. Yeye anabana kwa kiwiko, mimi nasugua rangi. Nisipokuwepo, kipande chetu hakisogei.

Halafu — ujinga wangu! Sufuria ya rangi ilikuwa imetoka motoni punde tu, mimi nikanyoosha mguu pembeni yake. Mguu wenyewe siku hizi hausikii kitu. Fusi ndiye aliyenusa. Akauliza nani kaunguza muhogo. Nikacheka na wenzangu, nikauvuta mguu chini ya sketi.

Jumanne, 6 Juni

Lengelenge limepasuka. Binti yangu Lesieli hunikagua mguu kila jioni, lakini wiki hii sote tuna miguu ya hudhurungi kwa rangi ya ngatu. Jana kautazama juu juu, akasema, Mama, hata sabuni imeishindwa rangi yenu. Nikaitikia. Ndiyo, rangi.

Mguu ule uliokatwa ulianza na kidonda kidogo kuliko hiki. Naogopa. Nikisema tu, ni hospitali. Nikienda hospitali, Jumapili siioni. Na je, nikirudi sina hata huu?

Jumatano, 7 Juni

Nimekwenda ukumbini kama kawaida. Tumeimba, tumepaka, na kwa muda nikasahau kabisa. Kabla ya kikundi hiki nilikuwa mtu wa nyuma ya pazia, nasikiliza wengine wakiishi. Kalolaine, kiongozi wetu, kapita na kiti chake cha magurudumu, akasema mimi na Fusi tukijumlishwa anapatikana mwanamke mzima na chenji inabaki! Fusi kamrushia tambara la rangi.

Sitaki kurudi nyuma ya pazia.

Alhamisi, 8 Juni

Kuna harufu. Nimejipaka mafuta ya nazi mengi mno. Lesieli kasema nanukia kama bibi harusi. Chakula hakipiti.

Siku tatu tu. Mungu wangu, siku tatu tu!

Ijumaa, 9 Juni

Naandikia hapa ukumbini.

Leo ilikuwa mistari myeusi tu. Rangi ya hudhurungi ilishamwagwa jana, sufuria zimeoshwa. Fusi kainua pindo ili tuvute kipande mbele, akasimama hapo hapo. Doa. Jekundu, bichi.

Hakupiga kelele. Akaniuliza taratibu, Vai, leo tunapaka nyeusi — hii imetoka wapi? Nikasema sijui. Akaniinua sketi kwa mkono wake mmoja, mbele ya watu!

Nilimwomba. Mpaka Jumapili tu, shoga yangu. Machozi yakamtoka. Akasema pindo langu atalibana kwa kiwiko, kwa meno ikibidi, lakini hatakaa mkabala na mkeka mtupu maisha yake yote. Nichague: nimwambie Lesieli mwenyewe, au aseme yeye.

Namchukia. Hapana. Namwogopa, kwa sababu anasema kweli.

Amekaa mlangoni sasa, analinda njia kama vile naweza kukimbia! Mguu nimeutoa nje ya sketi. Nautazama vizuri, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Vidole viwili vimekuwa vyeusi. Si rangi, na wala si

Honi. Lesieli amefika. Fusi hajainuka — ananitazama mimi —