Kitambaa cha Karata cha Baba Ngoie

Likasi

Yaya Mwajuma, dada yangu mkubwa,

Nakuamkia, na kwa mkono wako namuamkia Mama. Mguu wake umepata nafuu? Mvua imeshuka huko Kasongo, au mihogo bado inangoja? Sisi huku tuko, Mungu asifiwe. Mume wangu Amisi bado anaendesha lori la yule mfanyabiashara, anakwenda Kakanda na kurudi na vumbi hadi ndani ya masikio. Asha na wadogo zake ni wazima. Sabuni ni taabu, chumvi ni taabu, lakini hayo yasingenifanya nikae chini kukuandikia.

Barua hii isome peke yako kwanza, halafu wewe utajua namna ya kumwambia Mama. Mdogo wetu Ramazani anarudi nyumbani. Mimi na Amisi ndio tuliomrudisha. Atawaambia kwamba nimemfukuza kwa sababu ya mchezo wa karata. Ni kweli, ni mchezo wa karata. Sikiliza ulivyokuwa.

Ng'ambo ya ua wetu anakaa Baba Ngoie na mke wake na watoto wao. Ni mtu wa kanisa, hana kelele na mtu. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha shaba hadi siku mashine ilipomla vidole. Mkono wa kuume umebaki na kidole gumba na vipande, na wa kushoto umekakamaa. Siku hizi wamemweka kulinda geti. Kila Jumapili, watu wakitoka misa, wanaume wa mtaa walikuwa wanakuja kucheza karata kwenye baraza yetu, maana Amisi ana meza kubwa. Baba Ngoie alikuwa anakaa nao, anatazama tu. Alipojaribu kucheza, karata zilimponyoka zote, wenzake wakaziona. Alicheka pamoja nao, lakini mkono ule aliuficha chini ya meza.

Amisi akachukua kipande cha mti, akakipasua mfereji kwa msumeno, akakilainisha vizuri, ili karata zisimame zenyewe mbele ya mwenyewe. Mimi nikashona kitambaa cha kutandika. Meza yetu ni ya mbao tupu, karata inalala bapa juu yake, na mtu asiye na vidole hawezi kuinyanyua. Juu ya kitu laini, ukibonyeza pembe yake, upande wa pili unainuka, unaikamata kwa kidole gumba. Basi nilichukua lile blanketi letu la kijani, nikaweka gunia la unga chini yake, nikapiga pindo kwa uzi mwekundu, mishono midogo midogo kama alivyotufundisha shangazi. Kwenye kila pembe nikaweka mfuko wa maharage ya kuhesabia pointi. Siku Baba Ngoie aliposhinda mara ya kwanza kwa mkono wake mwenyewe, alisimama akacheza ngoma, na mke wake akapiga vigelegele huko kwao. Yaya, nilifurahi kuliko siku niliyomaliza nguo yangu ya harusi.

Ramazani alipofika kutafuta kazi, naye akapata kiti kwenye meza ile. Akaanza kumwambia mzee: "Baba, leta nikuchanganyie." Yeye ndiye akawa anachanganya karata na kumgawia, kwa upole, kama mtoto na baba yake. Watu walinisifu mno. "Zaina, mdogo wako ana moyo." Nami nilikuwa nakubali.

Jumapili mimi nakwenda sokoni na foronya zangu za kuuza, na Amisi siku hizo alikuwa njiani na lori, kwa hiyo hatukuwa tunaona kinachochezwa. Sikujua kwamba maharage yameondoka mezani na unga umeingia kuwa dau. Wafanyakazi wanapewa unga na kampuni, huku tunaita posho, na duka likikosa unga, posho ndiyo maisha ya nyumba. Wanaume walificha neno hilo kwa wake zao. Ramazani alikuwa ananiletea unga ndani ya kifuko, anasema, "Nilipakua magunia kwa depo, bamenilipa unga." Nikamwamini, nikamwombea kazi izidi.

Wakati ule ule njaa iliingia kwa Baba Ngoie. Mke wake akaja uani kwetu, anaongea huku anatazama chini. "Mama Asha, uko na unga kiloko, hata bakuli moja? Bwana anasema bamemuibia posho mu njia." Nikampa bakuli. Nikawaita watoto wake wale na wangu. Yule mdogo kabisa alikuwa analamba vidole, halafu ananiambia aksanti kwa sauti, kama walivyomfundisha shuleni.

Sasa wiki iliyopita, asubuhi ya salongo, tulipokwisha kufagia barabara kwa amri ya wakubwa, nilichukua kile kitambaa nikifue. Kilikuwa kinanuka bia, jasho, tumbaku na mate ya watu. Nilikuwa nakisugua ndani ya beseni, mkono ukagusa kitu kigumu. Nikakigeuza. Kwenye pembe anapokaa Ramazani, mshono wangu ulikuwa umefumuliwa, ukashonwa upya kwa mishono mirefu ya ovyo, na upande mmoja ukaachwa wazi kama mdomo. Nikaingiza vidole, nikatoa karata. Asi, karata kubwa kuliko zote, tena asi, na wafalme. Zilikuwa zimevimba kwa maji, zinateleza kama ngozi ya samaki aliyeoza.

Nikamwita. Alikuwa anachana nywele.

"Hii ni nini?"

Akaangalia, akacheka. "Yaya, njo muchezo, ndiyo namna yake. Kila muntu iko na akili yake."

"Na unga?"

"Unga gani?"

"Ule tunakulaka hapa, Ramazani."

Akainua mabega. "Baba Ngoie hana vidole. Hata bila miye angeshindwa. Afazali ibakie kwetu kuliko kwa bengine."

Yaya, sufuria ya bukari, ugali wa unga ule ule, ilikuwa bado jikoni. Nilikuwa nawalisha watoto wa watu unga wa baba yao kwa bakuli, wananishukuru, nami najibu, "Hakuna neno."

Nilimshika shati, nikamvuta hadi ng'ambo, kitambaa kinachuruzika maji mkononi. Baba Ngoie alikuwa ameketi mlangoni. Nikaziweka zile karata mbele yake, nikasema yote, sikubakiza. Mke wake ndiye aliyefungua mdomo kwanza. "Kumbe njo kule unga ilikuwa inaendaka." Mzee hakuweza kumtazama. Akamuuliza Ramazani, polepole: "Weye njo ulikuwa unanichanganyiaka. Miye nilikuwa nakuitaka mutoto yangu."

Ramazani alikuwa anatazama barabarani, kama mtu anayengoja taksi. Akasema, "Pole, baba." Pole ile ile ya mtu aliyekukanyaga kidole sokoni.

Amisi aliporudi kutoka Kakanda, alibeba unga wote uliokuwa nyumbani akawapelekea. Mama Ngoie aliupokea, akashukuru, lakini watoto wake hawaji tena uani kwetu. Wanaume wa Jumapili nao hawaji. Kile kibao cha mti, Baba Ngoie alikirudisha kwa mkono wa binti yake, kimeoshwa vizuri, na neno kwamba hatacheza tena. Kitambaa nimekichoma. Harufu ya sufu iliyoungua imeshika mapazia.

Siku ya gari la moshi, Ramazani alisimama stesheni na shati nililompigia pasi mwenyewe, akaniuliza, "Yaya, haukubakisha hata kipande ya ile kitambaa? Kasongo nako banachezaka." Amisi alimsukuma ndani ya behewa.

Atashuka Samba, atawafikia na maneno matamu. Mpeni chakula na mahali pa kulala, ni mtoto wa Mama. Sikuambii umfungie mlango.

Msalimie Mama, umwambie nitamtumia kitenge Amisi akipata mtu wa kumpa. Msalimie shemeji Saidi, mume wako, na shangazi Faida aliyetushikisha sindano. Na zaidi umsalimie Babu Sefu. Uliniandikia kwamba macho yake sasa yamekwisha kabisa, na Mama anatafuta kijana wa kumshika mkono kwenda msikitini na kumuuzia mafuta yake ya mawese.

Asiwe Ramazani. Nakuomba, yaya, tafuta mwingine, hata kama si wa ukoo wetu.

Mdogo wako anayekukumbuka,
Zaina, Mama Asha