Programu Yangu Imemsingizia Mzee wa Masijala

Bi Mwanamvua mpendwa,

Shikamoo. Ukurasa wako nausoma kila gazeti linapotufikia hapa Sumbawanga, hata likifika limechelewa siku mbili, na sikuwahi kudhani kuwa nami nitakuja kukuandikia, kwa sababu wengi wanakuletea mambo ya ndoa na langu ni la kompyuta, lakini nimekosa pa kulipeleka, kwa hiyo nakuomba unisikilize mpaka mwisho na usinicheke.

Mimi ni binti wa miaka ishirini na sita, nyumbani kwetu ni watu wa duka na malori, nilisomea kutengeneza programu za kompyuta Dar es Salaam na nikarudi mwaka 2000, na kazi niliyoipata ni katika chama cha wafugaji, maana siku hizi majosho na chanjo wafugaji wameachiwa wenyewe, si kama zamani serikali ilipofanya kila kitu, basi wakaunda chama, wafadhili wakawapa kompyuta mbili zilizokwisha kutumika huko kwao, moja ikawekwa masijala kwa Mzee Polikarp na nyingine dirishani kwangu, zikaunganishwa kwa waya uliopitishwa juu ya dari. Mzee Polikarp ndiye anayetunza kumbukumbu tangu enzi za daftari, yeye huandika mfugaji fulani, ng'ombe kadhaa, wamechanjwa tarehe fulani, kwanza kwenye daftari lake kubwa kisha kwenye kompyuta yake, na huko ndiko iliko databesi yote. Mfugaji akija kwangu kuomba hati ya kupeleka ng'ombe mnadani naandika jina lake, programu niliyoitengeneza inapita kwenye waya mpaka kompyuta ya Mzee, inatafuta, na kama ng'ombe wamechanjwa inachapa hati.

Programu ilikwenda vizuri tangu ilipozinduliwa mwezi wa saba, wageni wakapiga makofi, lakini mvua za Desemba zilipoanza ikaanza kuwaambia watu, "Hakuna kumbukumbu za mfugaji huyu," si wote na si kila siku, asubuhi hakuna shida, ila mchana, na mchana ndipo wanapofika wale wanaotoka mbali bondeni. Mzee mmoja anaitwa Bundala alitembea siku mbili na ng'ombe wake, nikamwambia hayumo, akanyoosha fimbo yake nje akasema, "Binti, dume lile pale nililishika pembe kwa mikono yangu likichomwa sindano, leo unaniambia sikuwepo?" Nikamjibu kwamba mimi naamini kinachoonekana kwenye kompyuta. Mnada ukampita. Kesho yake asubuhi nikaandika tena jina lake, akatokea na ng'ombe wake wote arobaini na watatu, na sisi sote pale ofisini tukasema aha, Mzee Polikarp alikuwa hajamwingiza, amemwingiza baada ya kusikia kelele.

Waliopatwa na hayo wamefika saba, na Mwenyekiti wetu, Bwana Ngeleja, akaitisha kikao cha kamati. Mzee Polikarp akasema, "Hawa wote nimewaandika tangu Novemba. Daftari hili hapa, fungueni." Mwenyekiti akasema daftari mtu anaweza kulijaza hata jana. Kisha akanigeukia mimi kama mtaalamu, nami, Bi Mwanamvua, nikasimama mbele ya watu kumi na wanane nikasema, "Kompyuta haisemi uongo."  Mzee aliketi akalifunga daftari lake. Kamati ikaamua aondolewe kazini kwa uzembe, na tangazo litatolewa kwenye mkutano mkuu Jumamosi ya mwisho ya Machi, mbele ya wafugaji wote.

Sasa sikiliza lililonipata wiki iliyopita. Nilikwenda masijala mchana kumpelekea Mzee karatasi za kuchapia, wingu limetanda, nikakuta kompyuta yake imezimwa, waya wa umeme umechomolewa ukutani, na juu yake kimefunikwa kitambaa cha kufuma alichokifuma mkewe, Mama Kalista. Nikamuuliza kwa nini amezima, akasema kwa upole kabisa, "Si wewe mwenyewe uliniambia siku ile ya kwanza, nikiona wingu nizime nichomoe, radi isije ikaiunguza? Mimi sijakosa hata siku moja." Na ni kweli nilimwambia, unajua radi za huku, nikasahau. Nikarudi dirishani nikaandika jina la Bundala, hayumo. Nikamwomba Mzee aiwashe, nikaandika tena, yumo.

Nilipoifungua programu nikaona kosa lilipo, na nakueleza ili unielewe, ni kwamba siku ya kuzinduliwa niliogopa yale maneno ya Kiingereza ya kutisha yasije yakatokea kwenye skrini mbele ya wageni, nikaandika mstari mmoja wa kuiambia programu kwamba ikikutana na tatizo lolote iliruke iendelee, kwa hiyo inaposhindwa kuifikia databesi hainiambii kwamba imeshindwa, inaruka, inaendelea, na inakofikia ni kwenye lile jibu la "Hakuna kumbukumbu."

Naomba unishauri nifanyeje ili programu isipoteze tena mawasiliano na databesi, je, niihamishie kwenye kompyuta yangu, au niweke nyaya nyingine, kwa sababu wenzetu wa chama cha wafugaji cha Matai nao wanataka niwatengenezee programu kama hii na barua yao ipo mezani kwa Mwenyekiti, na naogopa nikisema lililotokea watasema ndiyo maana kazi hizi si za wasichana, na Mzee mwenyewe ana miaka sitini na moja, wapo wanaosema akapumzike tu, hivi ni lazima niseme, au nikilirekebisha kimyakimya itatosha? Usiku silali vizuri. Naomba majina uyabadilishe.

Wako,
H., Sumbawanga

*

Marahaba, binti yangu. Majina nimeyabadilisha.

Kwanza nikushukuru kwa kuandika, maana mficha uchi hazai. Lakini nitakugombeza kidogo. Umenijazia kurasa nne za nyaya na madatabesi, halafu swali lenyewe umelichomeka mwishoni baada ya Matai. Mimi nimeliona. Nitakujibu yote mawili, nianze na la nyaya, maana hilo ndilo jepesi.

Usidhani la nyaya nitashindwa kulielewa. Kabla sijapewa ukurasa huu nilikaa kwenye swichibodi ya simu miaka kumi na tisa. Mtu akiomba aunganishwe, tulikuwa na majibu matatu ya kumpa: laini haipatikani; simu inalia lakini haipokelewi; au imepokelewa na wanasema mtu huyo hayupo. Hayo ni mambo matatu mbalimbali, na opareta aliyeyachanganya aliitwa kwa bosi. Wewe programu yako umeifundisha jibu la tatu tu. Hebu fikiria umemtuma mtu kijiji cha Pito akamwite fulani, akakuta maji yamejaa njiani, akageuza, akaja kukuambia "hayupo." Ungemtuma tena? Nawe mtu wa namna hiyo umemweka dirishani kuamua ng'ombe wa nani waende mnadani.

Kwa hiyo ule mstari wa kuruka matatizo ufute leo. Leo, si baada ya mkutano. Programu ikishindwa kufika masijala iseme kwa Kiswahili, "Sijafika masijala, subiri." Ikifika na jina halimo, hapo ndipo iseme halimo. Mtu akiona skrini imekiri kushindwa hatakudharau. Wageni wale wangekupigia makofi hata kama ingekwama kidogo.

Na siku nyingine mawasiliano yakikatika, usikimbilie kuibomoa programu wala kununua nyaya. Anza na vya karibu. Tuliofanya kazi ya laini tulitazama plagi kwanza, ndipo tukamsumbua fundi wa nguzo. Je, kompyuta ya Mzee imewashwa? Waya umekaa? Kompyuta yako inaiona ya kwake kwa jina? Folda lenye databesi unaweza kulifungua kwa mkono wako, bila programu? Faili limo, na jina lake ni lile lile uliloliandika kwenye programu, na una ruhusa ya kulifungua? Yote hayo yakiwa sawa ndipo uitilie shaka programu. Nimemsomea mpwa wangu anayefundisha kompyuta barua yako, akasema huo ndio utaratibu, na akaongeza kwamba kosa lako kubwa ni kuijaribu programu siku zote kwenye meza moja, databesi ikiwa pembeni yako, hujawahi hata mara moja kumwambia mtu azime ile nyingine uone itasemaje.

Kuihamishia kwako hakusaidii. Radi itakufuata dirishani, nawe utachomoa kama Mzee. Mzee hana kosa kuchomoa, huko kwenu wingu halichezewi, na aliyemwagiza ni wewe. Wingu likitanda, kompyuta zizimwe zote, na hati ziandikwe kwa mkono kutoka kwenye lile daftari ambalo hakuna aliyetaka kulifungua. Tangu Desemba ndilo lililokuwa na majibu ya kweli mchana kutwa.

Haya, tuje kwenye lako.

Unauliza kama ni lazima useme. Binti yangu, nashangaa unauliza. Ulisema kompyuta haisemi uongo. Hiyo yako ilisema, uliyeifundisha ni wewe, na ulipopata bahati ya kunyamaza kikaoni ukasimama kuitolea ushahidi. Mzee yule ametii agizo lako kila wingu lilipopita, na kwa utii huo anaitwa mzembe. Ukilirekebisha kimyakimya, mchana kompyuta itaanza kuwapata watu, na unajua kitakachosemwa? Watasema, mnaona, tangu tumwondoe Polikarp mambo yamenyooka. Utakuwa umemzika mara ya pili.

Na hiyo habari ya "akapumzike tu" sitaki kuisikia tena. Kupumzika na kufukuzwa kwa jina la uzembe ni vitu viwili. Akitaka kupumzika ataomba mwenyewe, ataagwa, atapewa kiti cha mbele.

Usianze kwa Mwenyekiti. Nenda kwa Mzee, nyumbani kwake, si ofisini, na usiende mikono mitupu. Kilo ya sukari na majani ya chai yanatosha. Mwamkie yeye na Mama Kalista. Ukikaribishwa ukakaa, usianze na "Mzee, kompyuta ilikuwa na hitilafu." Kompyuta haikuwa na hitilafu. Sema hivi: "Mimi nilikosea, kisha nikakusingizia mbele za watu." Ukisha kusema hivyo nyamaza, umwache aseme atakalo. Akikukaripia, pokea. Akinyamaza, vumilia, kaa hapo mpaka chai iishe.

Kisha umwone Bwana Ngeleja kabla ya mkutano, umwambie kwamba tangazo lile lisitolewe tena na kwamba una jambo la kusema. Siku ya mkutano simama kama ulivyosimama kikaoni. Mwombe Mzee azime kompyuta yake watu wakiona. Andika jina la Bundala kwenye nakala ya zamani ya programu, ambayo utaiweka kando kabla ya kuufuta ule mstari, waone "hayumo." Mwombe aiwashe, andika tena, waone yumo. Dakika tano zinatosha, na hata asiyejua kompyuta ataelewa. Halafu uwaombe radhi wale saba, kwa majina yao, na Bundala wa kwanza. Yule alikuja na ukweli wake ameushika pembe, ukaliamini bati lenye kioo.

Kuhusu Matai, wapelekee barua mwenyewe uwaeleze kosa lilivyotokea na ulivyolirekebisha. Huenda wakakukataa. Huenda pia wakakutaka zaidi, maana fundi anayejua programu yake inavunjikia wapi ni adimu. Sikuahidi. Na watakaosema kazi hizi si za wasichana wangesema hata kama programu yako ingekuwa inaruka angani, kwa hiyo usimtoe Mzee kafara ili uwafurahishe.

Nisikufiche, nami sikuzaliwa bila doa. Mwaka 1979 mwanamume mmoja aliomba simu ya hospitali kumuulizia mkewe. Laini ilikuwa imekatika, nami nilikuwa nimechoka na foleni ni ndefu, nikamwambia hospitali wanasema mgonjwa huyo hayupo. Akarudi nyumbani akijua mkewe ameruhusiwa, yuko njiani. Alimngoja siku tatu. Malalamiko yalipokuja, kitabu cha zamu kilionyesha jina la mwenzangu, Rhoda, aliyekuwa amenipisha kwenye swichibodi saa moja kabla. Akahamishiwa mbali, akawaacha watoto kwa mama yake. Kila mwaka nilijiambia nitasema. Rhoda alifariki mwaka 1991. Nilikwenda msibani, nikakaa na wanawe, nikala wali wao, na bado sikusema.

Mzee Polikarp yu hai, na yuko chumba cha pili kutoka dirishani kwako. Likunje gazeti, uende.

Bi Mwanamvua