Mwiko Uliobaki

Temeke,
Dar es Salaam.
3 Aprili, 1976

Mpendwa Shangazi Adelina,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje, na mihogo je? Sie hatujambo, ila hamu ya kukuona inatumaliza. Naandika kwa herufi kubwa kwa kuwa nasikia umeanza kisomo cha watu wazima. Safari hii usimpe mtu akusomee.

Dawa ya mizizi uliyotuma tena imefika salama. Yale mafuta ya kwenye damu, ambayo daktari alisema yataniharibu moyo, yamepungua. Nachonga mpingo kutwa nzima wala kifua hakinibani. Dawa kidogo nilimpa daktari, akawanywesha sungura wake. Nilicheka sana. Sungura wa mjini wanakunywa dawa yako bila hata kukuamkia!

Lakini daktari huyu mbishi. Aliuliza kama kilichonisaidia ni dawa au ni miiko yako, maana ulinikataza nazi na nyama ya mafuta. Basi kwanza akanitaka nishike miiko bila dawa. Mafuta yakashuka kidogo tu. Kisha ninywe dawa huku nakula nazi kama zamani. Yakashuka zaidi! Siku hiyo mke wangu Anastasia alikuna nazi huku anaimba. Daktari hajakata shauri bado, anasema mtu mmoja na sungura wachache hawatoshi.

Kuna mwiko mmoja sikumwambia. Ule kwamba aliyechimba dawa asionane na mgonjwa wa ukoo wake mpaka apone kabisa. Nimeutii, Shangazi. Mlipohamia kijiji kipya sikuja kukujengea. Alipozaliwa binti yetu tukamwita Adelina, nawe hukuja kumpakata. Sasa anakimbia, na kila akiona bibi mwenye ndonya mdomoni anauliza kama ndiye wewe.

Daktari anasema mafuta haya huenda nisipone kabisa, nitakuwa wa kuyapunguza tu maisha yangu yote. Nilipotoka pale nililia njiani, mtu mzima mimi. Sikulilia moyo. Nililia kwa sababu siku ya kukuona imefutwa.

Kwa hiyo naomba na mwiko huu tuujaribu, kama tulivyojaribu ule wa nazi. Mvua zikiisha na barabara ya Kusini ikapitika, panda basi uje. Nikizidiwa, basi nizidiwe ukiwa kando yangu.

Msalimie kaka Kornelio na watu wa nyumbani kwake. Mungu akutunze mpaka tuonane.

Mwanao mwenye hamu nawe,
Albano