Familia Niliyotumwa Kuisaidia Imenifungia Mlango

Shangazi mpendwa, nisaidie, maana sijui tena nishike lipi niache lipi. Mimi ni afisa ustawi wa jamii, kazi yangu ni kutembelea familia ambazo matatizo yao yamebebana, na kuna nyumba moja imenishinda: mama ni fundi cherehani, mumewe alikuwa fundi ujenzi akaanguka kazini akaumia mgongo na tangu hapo ni wa kitandani, binti yao ana kifafa, na mama mkwe amepoteza kumbukumbu, ukigeuka tu ameshafika barabarani. Muuguzi alisema asubuhi binti ale kwanza ndipo anywe dawa, mwalimu akasema binti awahi shule, wa mazoezi ya viungo akasema mgonjwa anyooshwe miguu asubuhi kabla ya lolote, na mimi nikamshauri mama apumzike. Akanitazama akasema, "Dada, asubuhi yangu ni moja." Nikacheka, nikidhani ni utani.

Juzi nimepiga hodi, binti akachungulia dirishani akasema, "Mama amesema hayupo," na huko ndani cherehani inalia. Mkuu wangu alipopata habari akasema, "Hao hawataki msaada. Andika binti apelekwe kituo cha kulea watoto." Mkono umegoma kuandika, maana bibi hakubali kushikwa na mtu mwingine ila yule binti, lakini pia binti ameanguka darasani hivi karibuni, na nikinyamaza halafu likatokea la kutokea nitajilaumu. Na cha ajabu, siku pekee niliyozungumza vizuri na mama yule ni siku niliyomsaidia kuosha vyombo, nikakaripiwa ofisini eti sikuajiriwa kuosha vyombo. Sasa nirudi au nisirudi? Huku ndiko kusaidia watu, au ni kuwasumbua?

Afisa Aliyechanganyikiwa

*

Mwanangu, pole, kisha unisikilize.

Huyo mama hakukataa msaada, amechoka kuamrishwa. Manahodha wengi, chombo huenda mrama, nanyi mmejazana kwenye usukani huku mwenye chombo anapiga makasia peke yake. Alikueleza shida yake kwa maneno matano, ukacheka. Ulitaka akuimbie?

Usiandike hiyo barua ya kumhamisha binti. Mlango uliofungwa si ushahidi kwamba mtoto hatunzwi. Ila kifafa hakisubiri watu wapatane. Kesho nenda na muuguzi, uanze kwa kuosha vyombo kama siku ile mlango ulipokuwa wazi, kisha mjue kama binti anakunywa dawa, na kama hanywi, ni nini kinachozuia. Kama anakunywa na bado anaanguka, apelekwe hospitali, tena umsindikize, na mtafute kwanza wa kubaki na bibi.

Kisha waite mwalimu na wa mazoezi, mkae palepale penye cherehani, mama aseme kwanza nanyi mfunge midomo. Mazoezi yanaweza kufanywa jioni. Shule inaweza kumvumilia mtoto akichelewa. Mkishakubaliana, mmoja wenu awe ndiye wa kuzungumza na mama, ili mama asirudie hadithi yake kwa kila anayebisha. Huyo awe wewe. Mkuu wako akinung'unika, mwambie mwende naye, aone mwenyewe.

Na yule mume, mbona katika barua yako nzima hakuna neno lake hata moja? Vuta kiti kando ya kitanda chake umuulize anaonaje. Ameumia mgongo, hakuumia ulimi.